Ngoma Kwanza, Kuku Baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kutembeza wageni, habari za hapo stendi. Nimesikia mnaniita mstaafu wa miaka thelathini na mbili. Sawa, chekeni. Nina pacha wanaotambaa, kila mmoja na upande wake, na siwezi kuwaacha wangu nikawatembeze wa wenzangu. Kwa hiyo kazi sasa ni yenu, na daftari hili ni lenu. Shule yangu iliishia kidato cha pili, basi mkikuta nimeruka kutoka mwaka huu kwenda mwaka ule, mjue ndivyo kichwa changu kinavyotembea.

Nianze na swali ambalo mmeniuliza mara nyingi na kila mara nikageuza maneno. Kwa nini nilikuwa nawakagua watoto mikono kabla hatujaingia kwenye uwanja wa ngoma ya nyoka, tena mbele na nyuma, kama mwalimu wa zamu? Mmoja wenu aliwahi kunitania, "Dada Kabula, kwani nyoka ni bwana afya?" Nilicheka nikaondoka. Leo nakaa hapa nijibu.

Kazi hii niliianza kwa sababu ya ndoto. Nilikuwa nauza maji stendi, nawaona watu wanashuka na watoto wao. Wamekuja kumsalimia bibi. Wanakaa sebuleni kwa bibi siku nne, watoto wanang'ang'ania simu, halafu wanapanda basi wanarudi Dodoma au Dar, na ukiwauliza Shinyanga kuna nini wanakwambia kuna vumbi. Iliniuma sana. Nikawa naota mchana kweupe, na ndoo yangu kichwani, nikiona foleni ya familia zinanisubiri mimi. Nawapeleka kupanda yale mawe makubwa ya Kishapu, kutembea kwenye ngitili, yale malisho yenye miti yanayohifadhiwa na wanakijiji, na kusikiliza ndege, kuvuka ziwa hadi kisiwani kuangalia viboko kwa mbali, kucheza ngoma kijijini baada ya mavuno. Watu walisema nimepigwa na jua. Baba Limi peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa dereva wa Noah, mtu mzima, mnene, mwenye maneno machache. Alisema, "Panda. Nitakufundisha."

Baba Limi alifundisha kwa amri. Kwenye boti mtoto avae jaketi la kuokolea kabla hajaona maji. Juu ya mawe panda saa mbili asubuhi, maana saa saba jiwe linachoma kama kikaango. Ngoma kwanza, kuku baadaye. Ukimuuliza sababu, anawasha gari.

Amri nyingine sababu yake niliijua kwa miguu yangu mwenyewe. Kule Geita, kwenye kijiji kimoja cha wachimbaji wadogo, nilikuwa nimewapeleka watoto watano wazungushe mchanga kwenye karai watafute punje inayong'aa. Hapo hapo niwaambie: ombeni mchanga mbichi. Mkipewa marudio, yaani ule uliokwisha kuoshwa, kataeni, una zebaki. Basi tulipomaliza nikaona njia ya mkato kwenye majani. Natangulia, watoto wameshikana mashati nyuma yangu kama treni. Mara mchimbaji mmoja akapiga kelele kutoka kwenye kichuguu cha udongo.

"Wewe dada! Simama hapo hapo!"

Nikasimama.

"Usigeuke. Rudi kinyumenyume, ukanyage ulipokanyaga."

Tulirudi hivyo, treni nzima, kitako mbele. Tulipofika kwake aliokota jiwe akalirusha pale nilipokuwa nataka kukanyaga. Majani yakafunguka, jiwe likazama. Tulisubiri kulisikia likitua. Tulisubiri sana. Lilikuwa duara la zamani, shimo lililoachwa, limezibwa na majani juu. Mchimbaji yule akaniambia, "Dhahabu ilishatoka humo, ninyi mlikuwa mnaingia kufanya nini?" Watoto wakacheka. Mimi nilienda nyuma ya mti nikalia kidogo, nikarudi nikiwa mchangamfu. Tangu siku hiyo kule Geita situmii njia ya mkato, na mbele yangu lazima atembee mwenyeji mwenye fimbo.

Lakini hii ya kuku sababu yake sikuijua. Nilidhani nimeijua. Barabara ya kwenda kijijini kwa Mama Shija ina mashimo, na mtoto aliyeshiba akirushwarushwa kwenye mashimo atatapika tu. Nikajiambia ndiyo hiyo, gari lisichafuke. Hilo wazo nikatembea nalo miaka minne.

Mama Shija mnamfahamu. Wakati ule kikundi chake kilikuwa kidogo, wachezaji kama kumi hivi, njuga miguuni, ngoma tatu, na chatu mmoja kwenye sanduku la mbao lenye matundu. Chatu hana sumu, hilo mnalijua. Urefu wake ulikuwa wa mtu mzima na nusu. Mama Shija alikuwa anamvaa shingoni kama mtandio, anacheza naye, halafu mwishoni anamkaribisha mgeni aguse. Mgeni akikubali kuguswa na nyoka, ngoma imekubali ugeni wake. Ndivyo wanavyosema wao.

Siku hiyo nilikuwa na familia moja kutoka Dodoma: Baba Leah, Mama Leah, na Leah mwenyewe, mwaka wake wa saba. Baba ni mzaliwa wa hapa, mama yake mzazi anakaa Ngokolo. Yeye ndiye aliyetaka mwanawe aione ngoma ya kwao. Mama Leah hakutaka kabisa. Njia nzima alikuwa ananiuliza.

"Dada Kabula, huyo nyoka hang'ati?"

"Hang'ati, mama. Mpole kama mbuzi wa nyumbani."

"Mbuzi wa nyumbani nao wanapiga pembe."

"Huyu hana hata hizo pembe," nikasema, na wote wakacheka, na yeye akacheka kwa shida.

Tulipofika kwenye njia panda ya kijijini, Leah akasema ana njaa. Baba yake akakumbuka kuku wa kuchoma wa Tinde, akaanza kuwasifia hadi mate yakanijaa mimi mwenyewe. Baba Limi siku hiyo hakuwepo, alikuwa amelazwa na malaria, nimepewa dereva mwingine. Nikaangalia saa. Nikasema moyoni, barabara imechongwa juzi, hakuna wa kutapika. Nikamwambia dereva, "Twende Tinde kwanza, ngoma tutaikuta." Niliona nimefanya jambo la akili.

Leah alikula paja zima kwa mikono miwili. Maji ya bomba pale yalikuwa yamekatika. Kwenye gari nilikuwa na dumu la maji na kipande cha sabuni, lakini niliona tunachelewa, nikampa tishu. Akajifuta, akanionyesha vidole, nikasema safi.

Ngoma ilikuwa nzuri kupita siku zote. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Kwanza waliingia vijana wa majembe, wanayarusha juu na kuyadaka, kisha wakayalaza pembeni. Vumbi, njuga, akina mama wanapiga vigelegele. Baba Leah alivua viatu akaingia kati, na mkewe akamrekodi kwenye simu huku anacheka kwelikweli sasa. Mama Shija akatoka na chatu wake. Akazunguka mara mbili. Akaja hadi kwa Leah, akainama, akamsalimia kwa Kisukuma akimwita mama.

"Mwadila, mayu mdogo. Utamsalimia mwenzangu?"

Leah alinitazama mimi. Hakumtazama mama yake, alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Akanyoosha mkono.

Chatu alitoa ulimi kwenye vidole vyake. Akautoa tena. Akautoa mara nyingi, harakaharaka, na nikaona uso wa Mama Shija umebadilika. Akasema, "Mtoto huyu ameshika..." na hakumaliza.

Sikuona kichwa kikienda. Niliona tu kwamba kimefika. Alikuwa amemshika Leah chini ya kiwiko, na mwili wote ukateleza kutoka shingoni kwa Mama Shija kama kamba inayoanguka kisimani, ukaanza kujizungusha kwenye mkono wa mtoto. Mzunguko mmoja. Wa pili. Wa tatu ulipita begani.

Ngoma zikakatika. Mama Leah akapiga yowe ambalo bado ninalo masikioni. Baba Leah akaruka, akashika mkia, akavuta kwa nguvu zake zote, na mizunguko yote mitatu ikakaza kwa pamoja. Leah akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Yaya! Yaya! Hapana, usivute, baba!" Mama Shija alikuwa ameshapiga magoti. "Ukivuta anabana!"

Baba Leah akaachia mkia. Akageuka, akaliona lile rundo la majembe, akachukua moja. Mimi nikasimama mbele yake. Sijui miguu yangu ilipata wapi wazo hilo.

"Niondokee, dada."

"Baba Leah, jembe likiteleza kidogo ni shingo ya mtoto."

"Nitakupiga wewe kwanza!"

"Nipige. Nyoka usimguse."

Nikashika mpini. Alikuwa na nguvu, aliniinua na jembe lake hadi visigino vikaacha ardhi, lakini sikuachia. Uso wake ulikuwa karibu na wangu. Nyuma yangu nikamsikia Mama Shija anaongea kwa sauti ile ile anayotumia kuomba chumvi kwa jirani.

"Watu wote kaeni chini. Asitembee mtu. Vijana wawili wa kushika mkia, njooni. Kabula."

"Naam."

"Wamekula nini hawa?"

"Kuku."

"Wamenawa?"

Nikaendelea kung'ang'ania mpini.

"Kabula, nakuuliza wewe."

"Hawakunawa."

"Haya. Mwachie baba jembe lake, hatapiga. Njoo hapa kwa mtoto. Kidevu chake kikandamize kifuani, kikae hapo hapo, nafasi ya shingo isionekane. Uongee naye."

Niliachia mpini. Baba Leah akabaki amesimama na jembe, na hakupiga. Nilipiga magoti mbele ya Leah. Sehemu ya nyuma ya nyoka ilikuwa inatembea polepole kutoka begani, inatafuta pa kupita. Niliweka viganja vyangu nyuma ya kichwa cha mtoto nikakiinamisha, kidevu kikagusa kifua. Ngozi ya nyoka ikapita juu ya vidole vyangu. Baridi, kavu, na nguvu ndani yake kama gari linalonguruma.

"Dada, ananibana."

"Najua. Usivute mkono. Darasani unakaa na nani?"

"Fatuma."

"Na mbele yako?"

"Juma."

"Juma yukoje?"

"Anasinzia. Mwalimu anampiga chaki."

"Ikimpata anafanyaje?"

"Anasema, nipo."

Wakati huo wale wawili walikuwa wanafungua kuanzia mkiani, taratibu, kama unavyofungua kitenge kilichojifunga kwenye baiskeli. Mzunguko wa begani ukatoka. Wakaushika juu, wasiuache urudi. Nikauliza nyuma ya Fatuma anakaa nani. Mzunguko wa pili ukatoka. Leah aliishiwa majina, tukaanza kuwataja walimu. Mkono wake ulikuwa umeanza kubadilika rangi, nami nikawa nauliza upesi zaidi ili asiutazame.

Kikabaki kichwa. Hapa sikilizeni vizuri, huenda ikawapasa kulijua hili siku moja. Mama Shija hakukivuta kichwa. Alikisukuma mbele, kuelekea kwenye nyama ya mtoto, kwa sababu meno ya chatu yamelala kuangalia ndani, na ukivuta unayazamisha. Mkono mmoja ukasukuma, mwingine ukatoa kichupa cha spiriti ya vidonda kiunoni, ukamnyunyizia mdomoni. Nyoka akapiga kama chafya. Akafungua kinywa. Mama Shija akakiinua kichwa juu, akasema, "Toa mtoto," nikamtoa.

Mama Leah alimpokea kabla sijasimama.

Mkononi kulikuwa na matundu madogo kwa mistari, kama mtu amepiga cherehani bila uzi, na damu inachuruzika. Walimuosha kwa maji mengi na sabuni, tukakimbiza gari zahanati. Nesi akamsafisha tena, akamchoma sindano ya pepopunda. Kwa nyoka Leah hakulia. Kwa sindano alilia hadi wagonjwa wa nje wakachungulia dirishani.

Mama Shija alikuja zahanati nyuma ya pikipiki, njuga bado ziko miguuni. Baba Leah alimfuata barazani.

"Mama, uliniambia mnyama wako amewazoea watu."

"Ni nyoka wangu, baba," akasema Mama Shija. "Nyoka wangu, kosa langu. Nisamehe."

Nikajua anachokifanya. Angenyamaza tu, au angenisukumia mimi, ningekuwa nimekwisha. Alilibeba kosa langu. Lakini maneno yale yangefika kijijini na mjini, na hakuna mzazi ambaye angepeleka tena mtoto kwenye ngoma yake. Kikundi kingekufa, na mimi ningeendelea kutembeza watu kwenye mawe nikitabasamu. Nikasema.

"Baba Leah, si kosa lake. Nyoka yule hulishwa kuku. Alisikia harufu ya kuku kwenye mkono akadhani ni chakula. Kanuni ni ngoma kwanza, halafu kula. Mimi ndiye niliyegeuza."

Akanigeukia mimi.

"Kwa hiyo kanuni ulikuwa unaijua?"

"Niliijua. Sababu yake ndiyo sikuijua."

"Basi hukuijua," akasema.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema kesho kisiwani hawaendi, wanapanda basi la asubuhi. Akaingia ndani kwa mwanawe.

Niliporudi nilimpigia simu Baba Limi hospitalini, hata sikumpa pole ya ugonjwa.

"Kumbe ni harufu ya kuku! Kwa nini hukuniambia?"

"Harufu gani?"

Nikamweleza yote.

"Kabula," akasema, "na mimi niliambiwa hivyo hivyo na aliyenifundisha. Nilidhani ni mambo ya kutapika."

Ndiyo maana kwenye daftari hili kila kanuni nimeiandikia sababu pembeni. Ambazo sababu yake siijui nimeandika wazi, SIJUI. Ziko nne. Tafuteni. Kaeni na wenyeji, waulizeni hadi wawachoke. Na wageni wakiwauliza swali, msiwape utani badala ya jibu, kama nilivyompa Mama Leah ule wa pembe. Yule mama alikuwa anauliza swali zuri kuliko wote ndani ya gari.

Asubuhi ile ya kuondoka kwao nilikwenda stendi. Hakuna aliyeniita. Mama Leah aliitikia salamu yangu, basi, akashughulika na mabegi. Baba Leah akanipa mkono, mkavu, akapanda. Leah alikuwa ameshakaa dirishani, bandeji nyeupe, anamwonyesha kondakta, na kondakta anajifanya anazimia.

Akaniona, akafungua kioo.

"Dada Kabula, yule nyoka anaitwa nani?"

Miaka minne. Nimeleta watu wangapi kwa yule mnyama, nimepiga naye picha, nimesema ni mbuzi wa nyumbani, na sikuwahi kuuliza kama ana jina. Basi likawaka. Nikampigia Mama Shija, nikakimbia sambamba na dirisha huku simu inaita.

"Mama, yule chatu ana jina?"

"Sasa asiwe na jina kwa nini? Minza."

"Anaitwa Minza!" nikapiga kelele.

Leah akatoa kichwa, mama yake akamvuta shati. "Minza ni wa kike?"

"Wa kike!"

Basi lilikuwa linakata kona kutoka stendi. Akaweka ule mkono usio na bandeji kwenye midomo ili sauti ifike.

"Mwambie pole ya ile dawa ya mdomoni!"

Wiki iliyofuata nilikwenda kijijini peke yangu, sina mgeni. Nilinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Mama Shija akafungua sanduku, akauliza nimekuja kufanya nini, nikamwambia nimetumwa ujumbe na mtoto. Alicheka hadi akakaa chini, akajifuta machozi kwa kitenge. Lakini alipoona sicheki, akasogea kidogo anipishe. Nikapiga magoti mbele ya sanduku, mbali ya kutosha, nikasema, "Minza, Leah anakupa pole."